Lete Mwenzake

Elinah Taaka wa Dabani, mpakani upande wa Uganda, hajawahi kuandika orodha ya vitu vya kununua, na si kwa sababu hajui kuandika. Alifika darasa la nne, na sahihi yake ni nzuri kuliko ya mwenyekiti wa kijiji. Lakini akienda sokoni Busia hubeba maagizo ya majirani sita au saba, huyu kiberiti na vitunguu, yule uzi mweusi na dawa ya kuku, na jioni kila mtu hupata chake. Wanawake wa rika la binti zake hupiga picha ya rafu ya jikoni kwa simu kabla ya kutoka, na bado hurudi bila chumvi. Taaka huwatazama tu. Amechoka kusema.

Kichwa hicho hakuzaliwa nacho. Alitengenezewa na shangazi yake Anjeline, kwa ungo na leso.

Taaka alikuwa na miaka tisa wakati huo. Upande wa Uganda chumvi ilikuwa imegeuka hadithi, sabuni ilikuwa ya wakubwa, na mtu akinukia vizuri aliulizwa ameipata wapi. Upande wa Kenya, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, maduka yalikuwa yamejaa. Anjeline, mjane asiye na mtoto, alipita njia za panya na kurudi na mahitaji ya nyumba kumi na mbili. Hakubeba karatasi. Mwanamke mmoja wa kijiji cha pili alikuwa amekamatwa na karatasi mfukoni; askari wakaisoma kwa sauti, jina na kitu, jina na kitu, halafu wakazifuata nyumba zile moja moja kama watu walioalikwa. Baada ya hapo Anjeline alikuwa akisema kwamba karatasi ni shahidi wa adui.

Basi aliweka maagizo yake kwenye ungo. Kila nyumba ilikuwa na kitu chake kidogo: chembe ya chumvi, kibanzi cha sabuni, njiti ya kiberiti, sindano, kipande cha utambi. Taaka na binamu zake wawili walikaa chini wakatazama kwa muda wa kumenya kiazi kimoja. Kiazi kikiisha, leso ilifunika ungo. Mkono wa shangazi uliingia chini ya leso, ukatoa kitu kimoja, ukavivuruga vilivyobaki. Leso ikafunuliwa.

"Lete mwenzake," Anjeline alisema.

Hapo mtoto hakutakiwa kutamka neno. Alitakiwa kuinuka kimya, aende jikoni au ghalani au nyuma ya nyumba, arudi na kitu kama kile kilichoondolewa, na kukiweka kwenye ungo. Aliyetaja jina la kitu alikuwa ameshindwa, hata kama amelitaja sawasawa. Anjeline hakueleza kwa nini. Lakini nyumba yake ilipakana na ya mtu aliyekuwa na kaka askari katika kambi ya Rubongi, na ukuta ulikuwa wa udongo na fito. Mtoto anayepiga kelele "sabuni!" mchana angeweza kumzika shangazi yake kabla ya Jumapili.

Alipotimiza miaka kumi na moja, Taaka alikwenda mwenyewe kwa mara ya kwanza, na maagizo ya nyumba nane. Askari walimsimamisha, wakamgeuza mifuko, wakamfungua hata nywele. Hawakuona kitu, kwa sababu alichobeba hakikuwa mahali ambapo askari hujua kutafuta.

Kisha chumvi ikarudi madukani. Hilo lilikuwa jambo jema. Hakuna mwenye akili anayeililia njaa. Ila ungo nao ulirudi kupepeta mtama tu. Watoto wa Taaka mwenyewe hawakuutaka mchezo ule. Waliuona wa kizamani, wakaketi mbele ya redio, baadaye mbele ya televisheni ya jirani, na sasa kila mmoja ana kioo chake kidogo mfukoni na hakumbuki nambari ya simu ya mama yake. Ule mchezo wa kupitisha kijiwe mikononi huku mkiimba, ule wa kukariri mababu hadi wa saba bila kukosea, ule wa mashimo kumi na sita na kokoto, yote imekufa bila hata mazishi. Mtu akifa hupikiwa. Mchezo ukifa hakuna anayejua ni siku gani.

Taaka angezeeka na ungo wake hivyo hivyo, kama si Damalie.

Damalie ni mtoto wa mwanawe Oguttu, fundi aliyeko Juba, na mkewe Quinter, Mjaluo wa upande wa pili anayeuza mitumba Busia ya Kenya. Mama mkwe na mkwe wake huongea Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyejifunza lugha ya mwenzake vya kutosha kugombana kwayo. Quinter alimleta mtoto akiwa na miaka mitano, baada ya yaya kuacha kazi bila kuaga.

"Mama, ni mwezi mmoja tu," alisema. "Akilia, mpe simu. Kuna katuni."

"Na asipolia?"

"Atalia tu, Mama. Mpe."

Simu ya zamani aliyoiacha Quinter iliingia ndani ya chungu cha mtama, ikaimba mle mpaka ikazima yenyewe. Damalie alilia siku mbili. Siku ya tatu alichoka, akaanza kumfuata bibi yake nyuma kama kifaranga, lakini hakukaa na jambo lolote. Alishika kikombe akakiacha, alianza kumenya karanga akaziacha, alianza kusimulia akasahau anamsimulia nani. Macho yake yalitua na kuruka kama nzi juu ya maziwa.

Taaka akachukua ungo. Akaweka vitu vitatu: kijiko, gunzi, kifungo. Akachukua kiazi na kisu.

"Tazama mpaka kiazi kiishe."

Kiazi hakikumenyeka hata robo. Kuku alipita, na macho ya Damalie yakaenda naye. Taaka hakumkemea. Alimfukuza kuku, akaanza kiazi upya. Wiki nzima walikula viazi vilivyomenywa vibaya, vingine vyenye maganda nusu. Wiki ya pili, kiazi kimoja kilifika mwisho na macho ya mtoto yakiwa bado juu ya ungo. Taaka akafunika, akatoa kifungo, akafunua.

"Lete mwenzake."

Damalie alitazama, akaondoka mbio, akarudi na gauni la bibi yake la kanisani, lote, akaonyesha vifungo vya kifuani.

"Umeleta ukoo mzima," Taaka alisema, akacheka mpaka machozi.

Mwezi mmoja ukawa mwaka. Vitu vitatu vikawa vitano, vikawa tisa. Siku unyoya ulipoondolewa, majirani walisikia jogoo akipiga ukunga nyuma ya nyumba, kisha Damalie akatokea kimya, amekunja uso kama hakimu, unyoya mkononi. Mtoto aliyekuwa hawezi kumaliza kikombe cha uji sasa aliweza kuketi hadi karanga za debe zima ziishe kumenywa. Taaka alimpa sheria zote kama alivyopewa yeye: tazama, nyamaza, lete, na anayetaja ameshindwa. Hakueleza kwa nini. Yeye mwenyewe alikuwa haulizi tena.

Mwanzoni mwa mwaka, Quinter alikuja kumwona mtoto, akakuta mchezo uko katikati. Alisimama na mkoba wake begani.

"Mama, wenzake mjini wanaimba herufi zote kwa Kiingereza. Wangu anacheza na magunzi."

"Anacheza na macho yake."

"Macho hayamwingizi mtu darasa la kwanza." Quinter aliketi. "Wiki ijayo kuna mahojiano kwenye ile shule ya kando ya barabara. Akipita, nitamwacha hapa asome. Asipopita, nampeleka bweni, Kisumu. Sanduku la bati nimeshanunua."

"Bweni? Mtoto wa miaka sita?"

"Wako hata wa miaka mitano huko, Mama."

"Na usiku nani anawafunika?"

"Kuna matroni."

"Matroni mmoja ana mikono mingapi?"

Quinter hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa ameona watoto wa wenzake wakizungumza Kiingereza na wageni dukani, na wake akimjibu kwa kutikisa kichwa, akaogopa. Taaka alilijua hilo. Alijua pia kwamba mtoto akienda bweni katika umri ule hurudi akiwa mgeni mwenye adabu, anayesema "asante" kwa bibi yake kama anavyomwambia muuza tiketi.

Siku ya mahojiano Taaka alimvisha Damalie gauni la rangi ya samawati, wakatembea hadi shuleni. Wazazi waliketi nje kwenye benchi. Watoto waliingia mmoja mmoja kwa Mwalimu Vincent, kijana mrefu mwenye tai fupi. Damalie alipoingia, Taaka alisogea mwisho wa benchi ulio karibu na mlango.

Haukupita muda, mlango ulifunguka. Damalie alitoka peke yake, akapita mbele ya benchi bila kumtazama mtu, akakata kona nyuma ya jengo. Mwalimu alitokeza kichwa.

"We mtoto! Unakwenda wapi?"

Damalie hakugeuka. Mwalimu alitikisa kichwa, akamwita mtoto mwingine, akafunga mlango. Taaka aliinuka kumfuata mjukuu wake, lakini kabla hajafika kwenye kona Damalie alikuwa ameshatokea, ngumi imefumbwa, akitembea upesi. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaukuta umefungwa. Akasimama hapo, pua yake karibu na mbao, hakubisha.

Mlango ulipofunguliwa tena, Mwalimu Vincent alimpita mtoto, akamwendea bibi, akamwita Jaja kama Waganda wanavyowaita mabibi.

"Jaja, pole. Huyu bado hajatulia. Nimemwonyesha vitu, nimeondoa kimoja, nimemwuliza kipi kimekosekana. Hakujibu neno. Ameinuka, ametoka bila ruhusa. Darasa la kwanza hatuwezi kumchukua mtoto anayetangatanga. Mrudisheni chekechea, au mtafute kwingine."

"Umeondoa kitu gani?"

"Sikumbuki. Nimewahoji watoto ishirini, Jaja. Anayefuata!"

Wakaanza safari ya kurudi. Taaka alitembea mbele, na kwa mara ya kwanza tangu ampokee mtoto yule alimkasirikia. Mwaka mzima wa viazi! Na siku ya siku, ameinuka akaondoka kama mbuzi aliyeona kichaka wazi. Walifika kwenye mti wa mkuyu ulioanguka ndipo akageuka.

"Ulikwenda kukojoa?"

Damalie alitikisa kichwa.

"Ulikwenda wapi basi? Una nini mkononi?"

Mtoto akafumbua ngumi. Kiganjani, likiwa limelowa jasho, palikuwa na haragwe moja jekundu.

"Nimeleta mwenzake, Kukhu," alisema. Kukhu ndivyo Wasamia wanavyomwita bibi. "Mwalimu amefunga mlango."

Taaka aliketi juu ya gogo la mkuyu. Yule mtoto aliulizwa kwenye chumba cha watu, mbele ya meza, na akajibu vile vile alivyofundishwa: akanyamaza, akainuka, akatafuta jiko la shule asilolijua, akaleta. Hakukosea hata hatua moja. Aliyekosea alikuwa yeye, Taaka, aliyemfundisha mtoto wa leo kuwaogopa askari waliokwisha kufa, akadhani amemfundisha mchezo.

"Simama," alisema. "Tunarudi."

Mwalimu Vincent alikuwa akifunga karatasi zake.

"Mwalimu, ulichoondoa ni haragwe."

"Jaja, nimekwisha kusema..."

"Ni haragwe au si haragwe?"

Mwalimu alifungua kisanduku chake, akamwaga vitu juu ya meza: chaki, kijiko, kizibo cha soda, ufunguo, haragwe, kitana. Akasugua shingo. "Labda ni haragwe. Lakini labda umemwuliza sasa hivi, akabahatisha. Kila mzazi ana hadithi siku ya mahojiano."

"Aliyekuwa jikoni wakati ule ni nani?"

Wakaenda jikoni. Mpishi alikuwa Akwi, Mwiteso mnene, ameketi na sinia ya maharagwe mapajani.

"Hii mtoto?" Akwi alisema. "Hii mtoto ilikuja hapa. Hata haikusalimia mimi! Inasimama tu, inaangalia, inaweka kidole kwa maharagwe. Mimi nasema, unataka kula mbichi? Kimya. Nasema, unakwenda kupanda? Kimya. Nikapa yeye moja, ikakimbia. Nikasema, ai, hii ni mkulima ya ajabu, anapanda moja-moja."

Mwalimu Vincent hakucheka. Alitazama umbali kati ya jiko na chumba chake, akamtazama Damalie.

"Njooni," alisema.

Safari hii aliweka vitu kumi. Alimpa mtoto nafasi ya kutazama, akavifunika kwa gazeti, akaondoa kimoja, akafunua.

"Usiondoke. Niambie tu jina lake. Kipi hakipo?"

Damalie alitazama meza. Ilikuwa wazi kwamba amejua. Mwili wake ulikuwa umekwisha kuelekea mlangoni. Lakini alibaki kwenye kiti, midomo imefungwa, akamgeukia bibi yake.

"Sema, mtoto wangu," Taaka alisema.

Mtoto akatikisa kichwa.

"Sema. Mwalimu anataka useme."

"Anayetaja ameshindwa, Kukhu." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayemkumbusha mtu mzima adabu.

Mwalimu Vincent alitazama saa yake. Taaka aliona wakati unapita, akaliona na sanduku la bati, jipya, na kufuli lake. Angeweza kumgombeza mtoto. Lakini mtoto aliyefundishwa kunyamaza mwaka mzima hafunguliwi mdomo kwa makofi, na yeye alijua kufuli hili lilifungwa na nani.

Akasogea mezani.

"Mwalimu, nifunikie mimi. Ondoa unachotaka."

"Jaja, mahojiano ni ya..."

"Funika."

Mwalimu alirudisha kitu kile, akafunika, akaondoa kingine, akafunua. Taaka alitazama mara moja. Tangu akiwa na miaka tisa hakuwa amewahi kushindwa mchezo huu. Binamu zake wawili walikufa bila kumshinda. Hata kule porini, askari wakiwa na bunduki, hakuwa ametaja.

"Ufunguo," alisema kwa sauti kubwa.

Damalie akafungua mdomo kwa mshangao. "Kukhu! Umeshindwa!"

"Nimeshindwa. Umeona askari amekuja?"

Mtoto aligeuka akatazama mlango kwa makini kabisa. Nje palikuwa na mbuzi mmoja na kina mama kwenye benchi.

"Hakuna."

"Basi hawaji tena. Tulikuwa tunanyamaza kwa sababu yao. Sasa ni zamu yako kushindwa. Mwalimu, ondoa."

Mwalimu akaondoa. "Kitana," Damalie alisema, kwa woga, akatazama mlango. Mwalimu akaondoa viwili. "Chaki na kifutio." Sauti ikapanda kidogo. Akaondoa vitatu, akabadilisha nafasi ya vilivyobaki, na mtoto akavitaja vyote, kisha akaonyesha kila kimoja kilikuwa wapi kabla ya kuguswa. Mwisho alikuwa anapiga kelele, mpaka Akwi akaja mlangoni na sinia yake kuangalia nani anapigwa.

Mwalimu Vincent aliandika jina la Damalie kwenye karatasi ya waliopita. Kisha akakaa na kalamu mkononi.

"Jaja, huu mchezo umeupata wapi? Sisi tulifundishwa kwa semina, watu walitoka mbali, wakatuletea kadi kwenye boksi. Kadi zenyewe zimekwisha kupotea."

"Ungo haupotei," Taaka alisema. Alitaka kuongeza jambo kuhusu watu wanaotupa chao ili waletewe kwenye boksi, lakini mtoto alikuwa amekwisha kupita, na si busara kumtukana mwalimu wa mjukuu wako siku ya kwanza.

Jumamosi Quinter alikuja na sanduku la bati kwenye bodaboda, akaikuta karatasi ya shule. Aliisoma mara mbili. Akamtazama mama mkwe wake, akamtazama mtoto.

"Kwa hiyo sanduku?"

"Liache," Taaka alisema. "Panya wamenimalizia mbegu za karanga."

Sanduku bado liko pale, limejaa karanga, na Damalie anasoma darasa la kwanza. Jioni akirudi huomba ungo. Siku hizi watoto wa majirani nao huja, wanne, watano, na mchezo huchezwa kwa sauti: anayetaja kwanza ndiye mshindi. Hakuna tena kuinuka kimya, wala kutafuta, wala kuleta mwenzake. Kwa Taaka mchezo wa Anjeline umekwisha, na huu ni mwingine uliochukua ungo wake. Humenya kiazi, hufunika, huondoa. Na mtoto anapopiga kelele "chumvi!" mchana kweupe, bibi hutazama kwanza kule kwenye ukuta wa jirani, ndipo husema, "Sawa."